Kabla hujalipia kozi ya kodingi ya mwanao, soma hapa kwanza

"Mama, nataka kujifunza kukodi."

"Kukodi nini tena, mwanangu? Bajaji?"

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi kwa sababu ya mvua, na mama huyo wa Kizwite, mjini Sumbawanga, alikuwa jikoni akipuliza mkaa. Kijana wake alicheka, akaeleza. Hakuwa anazungumzia bajaji wala kodi ya nyumba. Alikuwa anazungumzia kodingi, kazi ya kuandika maelekezo yanayoifanya simu au kompyuta ionyeshe ukurasa wa tovuti.

Kijana alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Matokeo yalikuwa bado, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi mingi ya kukaa nyumbani. Kwenye simu alikuwa ameona kundi la WhatsApp lililotangaza kufundisha kodingi kwa siku 14. Ada ilikuwa shilingi 60,000, na mwisho wa mafunzo waliahidi cheti na kazi ya kulipwa kwa dola ukiwa nyumbani kwako.

Mama huuza viatu vya mitumba. Hela aliyokuwa nayo alikuwa ameitenga kwa ajili ya godoro na tranka, endapo kijana angepangiwa shule ya bweni. Alifikiri usiku kucha, kisha akatuma nusu, shilingi 30,000, kwa simu.

Zilikuja video 2 na kijitabu cha kurasa 9. Siku ya tatu walidai nusu iliyobaki. Siku ya nne walidai shilingi 25,000 nyingine za "kusajili cheti". Mama alipopiga simu kuuliza darasa lenyewe liko wapi, simu ilikatwa, na kijana akaondolewa kwenye kundi.

Siku mbili kijana hakusema kitu. Alikula kidogo, akalala mapema. Mama alikuwa na maneno mdomoni tayari: achana na mambo ya mitandao, njoo unisaidie kubeba mizigo sokoni. Lakini hakuyasema. Siku ya tatu alikwenda steshenari kutoa nakala za cheti cha kuzaliwa, na wakati anasubiri akamuuliza kijana wa pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie, hii kodingi ni kitu cha kweli au ni utapeli?"

"Ni kitu cha kweli, mama. Ila hela yenu wameila bure. Masomo ya mwanzo ya kodingi hayauzwi."

Jibu hilo linawahusu wazazi wengi. Kila mwaka, mitihani ikiisha, nyumba nyingi zinakuwa na kijana mwenye simu, muda mwingi na hamu ya kujifunza. Matangazo ya kozi nayo hayaishi. Mzazi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo hujiona hana la kusema, hivyo anatuma hela au anakataza kabisa. Ipo njia nyingine, na mzazi anaweza kuifuata hata kama hajui kodingi.

KINACHOFUNDISHWA NI NINI?

Ukurasa wa tovuti hutengenezwa kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni HTML, inayopanga kilichomo kwenye ukurasa: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Cha pili ni CSS, inayoweka rangi, ukubwa wa maandishi na nafasi. Cha tatu ni JavaScript, inayofanya jambo litokee mtu akibonyeza kitufe, kwa mfano kujumlisha bei.

Anayeanza huanza na HTML. Akishaizoea, huenda CSS, na JavaScript huja mwisho. Somo linaloanza na JavaScript kwa mtu asiyejua HTML linamrukisha ngazi. Na mzazi asichanganye JavaScript na Java. Majina yanafanana, lakini ni lugha mbili tofauti, na vijana wengi wamepoteza wiki nzima kwa kufungua somo lisilo lao.

HTML huandikwa kwa maandishi ya kawaida. Kichwa cha habari huandikwa kwa kukizungushia alama ya herufi h na namba 1 iliyowekwa ndani ya mabano yenye ncha. Aya hutumia herufi p. Picha hutumia img. Alama kama 20 hivi zinatosha kutengeneza ukurasa wa kwanza. Vifupisho hivyo vinatokana na Kiingereza, lakini ni vichache kiasi kwamba mtoto aliyefika kidato cha pili anaweza kuvishika. Maneno yanayosomwa kwenye ukurasa wenyewe yanaweza kuwa ya Kiswahili au hata Kifipa.

SIRI ISIYOUZWA

Wanaouza kozi hupenda neno "siri". Siri za kodingi, siri za dola. Watu wa Rukwa wamezoea kutaniwa kuhusu jina la mji wao, ambalo wengi husema maana yake ni "tupa uchawi". Basi na kwenye kurasa za tovuti uchawi utupwe, kwa sababu hakuna kilichofichwa.

Mtandao wa kurasa za wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, Uswisi. Aliandika pendekezo lake la kwanza mwaka 1989. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, na yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Ndiyo maana hakuna kampuni inayomiliki HTML, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuuzia ruhusa ya kuijua.

Zaidi ya hapo, HTML ya ukurasa wowote inaonekana. Kijana mwenye simu ya Android afungue kivinjari cha Chrome, aandike view-source na nukta pacha mbele ya anwani ya tovuti yoyote, bila kuacha nafasi, kisha abonyeze kufungua. Atauona msimbo wa ukurasa ule. Utamtisha mwanzoni kwa urefu wake, lakini baada ya wiki mbili za masomo ataanza kutambua alama anazozijua. Ni sawa na fundi anayeanza kazi, anayefungua boneti ya kila gari linaloingia gereji ili aangalie tu.

MASOMO MAZURI YAKO WAPI?

Ni mengi, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Anafungua kumi, hamalizi hata moja. Kwa anayeanza, haya machache yanatosha.

freeCodeCamp. Ilianzishwa mwaka 2014 na Mmarekani Quincy Larson, na ni shirika lisilotafuta faida. Masomo ni ya bure, na vyeti vyake ni vya bure pia. Kila hatua inampa mwanafunzi kazi ndogo ya kuandika, na mtandao wenyewe unamwambia kama amepatia au amekosea. Hawezi kusonga mbele kwa kutazama tu. Sehemu ya masomo imetafsiriwa kwa Kiswahili na watu wanaojitolea.

W3Schools. Ilianzishwa Norway mwaka 1998. Maelezo yake ni mafupi, kila moja lina mfano, na kila mfano una kitufe cha kijani kinachomruhusu msomaji kuubadilisha na kuona kinachotokea. Masomo ni ya bure. Vyeti vyake vinauzwa, lakini si lazima kuvinunua ili kujifunza.

MDN Web Docs. Imetoka kwa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, na imekuwepo tangu mwaka 2005. Hii ndiyo inayosomwa hata na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ina sehemu maalumu ya wanaoanza. Kiingereza chake ni kigumu kidogo kuliko cha W3Schools, kwa hiyo inafaa zaidi kama mahali pa kuhakikisha jambo: alama hii ina kazi gani, inatumikaje leo.

Kwa mdogo wa shule ya msingi, kurasa za tovuti zinaweza kusubiri. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo kikuu cha MIT cha Marekani, imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto hupanga vipande vya rangi badala ya kuandika, na lugha inaweza kubadilishwa kuwa Kiswahili. Ni ya bure pia.

Kijana achague moja liwe darasa lake na jingine liwe la kuulizia anapokwama. Mengine ayaache mpaka amalize la kwanza.

MZAZI ATAJUAJE KAMA SOMO NI ZURI?

Mzazi hahitaji kuwa mfamasia ili asome tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya dawa. Kwenye masomo ya mtandaoni pia kuna vya kuangalia.

1. Je, mtoto anaandika kitu mwenyewe? Somo ambalo mtoto anakaa saa nzima akitazama video bila kuandika mstari wowote ni burudani. Hata kama video ni nzuri, asimamishe kila baada ya dakika chache, aandike alichoonyeshwa, aone kama kinafanya kazi kwake.

2. Je, somo limepitwa na wakati? Muulize mtoto kama anafundishwa alama inayoitwa font ya kubadilisha maandishi, au alama inayoitwa center ya kuweka kitu katikati. Alama hizo ni za zamani, na kazi hiyo sasa hufanywa na CSS. Kama somo linafundisha kutengeneza tovuti kwa Flash, lifungwe mara moja, kwa sababu Flash ilisitishwa mwishoni mwa mwaka 2020.

3. Je, anayefundisha anajulikana? Tovuti nzuri inasema ni ya nani, na unaweza kusoma masomo kabla ya kutoa chochote. Namba ya simu na picha ya gari la kifahari si utambulisho.

4. Je, wanaomba hela kabla hujaona somo? Zipo kozi za kulipia zilizo halali, na vyuo vya ufundi vinatoza ada. Lakini kwa hatua ya kwanza ya HTML na CSS, hakuna sababu ya kulipa kabla mtoto hajamaliza la bure.

5. Je, wanaahidi kazi? Hakuna somo la siku 14 linalomfanya mtu awe tayari kuajiriwa. HTML ya mwanzo inaweza kushikwa kwa wiki chache. Kufika kiwango cha kulipwa huchukua miezi mingi ya kufanya kazi halisi.

Kisha kuna swali la sita, na hili mzazi alirudie kila Jumamosi: "Nionyeshe ulichotengeneza wiki hii." Wiki ya kwanza itakuwa kichwa cha habari na aya mbili. Wiki ya pili patakuwa na picha na orodha. Kama wiki tatu zinapita na mtoto ana maneno mengi lakini hana ukurasa wa kuonyesha, somo halimfai au muda wa simu unakwenda kwingine.

Na akikwama? Mara nyingi kosa huwa ni dogo: bano halikufungwa, alama ya kunukuu imesahaulika. Mzazi anaweza kusaidia bila kujua chochote. Amwambie mtoto asome kwa sauti mstari mmoja mmoja na aeleze kila mstari unafanya nini. Mara nyingi mtoto hulikuta kosa mwenyewe kabla hajamaliza kusoma.

BANDO NA SIMU MOJA YA NYUMBANI

Nyumba nyingi za Kizwite hazina kompyuta. Simu janja ya kawaida inatosha kuanzia. Kuna programu za kuandikia msimbo kwenye Android, kama Acode, ambayo ina toleo la bure na inaonyesha ukurasa palepale simu ilipo. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Mtoto anaweza kuandika na kuujaribu ukurasa wake siku nzima bila kutumia bando hata kidogo.

Bando huliwa na video. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kumaliza zaidi ya MB 500, wakati kurasa za maandishi hutumia sehemu ndogo sana ya hizo. Kwa familia inayonunua bando kwa siku, masomo ya kusoma ndiyo yenye unafuu. Chrome pia ina alama ya kupakua ukurasa ili usomwe baadaye bila mtandao. Mtoto apakue masomo ya wiki siku moja, kisha ayasome polepole. Akitumia Chrome kutafsiri ukurasa wa Kiingereza kwenda Kiswahili, atafsiri maelezo tu. Maneno ya msimbo yabaki kama yalivyo, maana yakigeuzwa hayatafanya kazi.

Kwa hatua za mbele, kompyuta inahitajika. Kabla ya kufikiria kununua, mzazi aulize steshenari, maktaba, shule aliyosoma mtoto au chuo cha ufundi kilicho karibu kama kuna kompyuta inayoweza kutumiwa kwa saa chache kwa wiki.

Jambo jingine ni nani anapewa simu. Katika nyumba yenye simu moja, mara nyingi kaka ndiye anayejifunza, na dada anatumwa maji. Jijini Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013 baada ya kuona wasichana wachache mno katika fani hii, na shirika hilo limekuwa likiwafundisha wasichana kutengeneza tovuti na programu za simu. Mzazi wa Sumbawanga hahitaji kusubiri shirika lifike kwake. Saa za simu zigawanywe sawa, na kazi za ndani vilevile.

USINGIZI, MACHO NA SHINGO

Bando la usiku ni la bei nafuu, na hapo huanza tatizo la kiafya. Kijana anasubiri saa sita, anasoma mpaka saa nane au tisa usiku, asubuhi anaamka macho mekundu na hasira. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Usingizi huo ni sehemu ya kujifunza, kwa sababu ubongo hupanga na kuhifadhi mambo mapya mtu akiwa amelala. Anayekesha na msimbo husahau mengi ya aliyosoma.

Kama bando la usiku ndilo linalowezekana, litumike kupakua masomo, kisha simu ilale sebuleni au chumbani kwa mzazi. Kijana aamke saa kumi na moja alfajiri ayasome akili ikiwa imepumzika. Juni na Julai, baridi ya Ufipa ikishika, ajifunike blanketi akiwa ameketi kwenye kiti. Akisoma akiwa amelala kitandani, usingizi utamrudia na shingo itaumia.

Macho nayo yana utaratibu wake. Mtu anayetazama kioo kwa karibu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, mtoto ainue macho atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mti wa jirani au paa la nyumba ya pili linatosha. Mwanga wa jua mchana husaidia pia: tafiti zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje zaidi hawapati kwa wingi tatizo la kutoona mbali. Kwa hiyo kumtuma shambani au dukani katikati ya somo si kumrudisha nyuma.

Simu iinuliwe ifike karibu na usawa wa uso, mgongo uegemee kiti. Kama mtoto anaumwa kichwa mara kwa mara, anakunja macho kuona ubao au anashika simu karibu sana na uso, apelekwe akapimwe macho.

Na kama kuna mdogo wa miaka 2 hadi 4 anayechungulia begani kwa kaka, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huo asizidi saa moja ya kioo kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Chini ya mwaka mmoja, asitazamishwe kabisa.

UKITAPELIWA

Wazazi wengi hunyamaza kwa aibu, na watapeli huishi kwa aibu hiyo. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba iliyoutuma. Hela ikiwa imetumwa muda huohuo, pigia kampuni ya simu haraka kabla haijatolewa. Utapeli kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo polisi ni mahali sahihi pa kwenda. Usifute ujumbe wala risiti ya muamala.

Hakuna somo linalohitaji namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya siri ya akaunti ya simu wala picha ya mtoto akiwa ameshika cheti. Na mtoto anapoweka ukurasa wake mtandaoni, asiandike mtaa anakoishi wala namba ya simu ya nyumbani. Huduma ya GitHub, ambayo wengi huitumia kuweka kurasa zao bure, haiwapokei walio chini ya miaka 13.

Muhimu zaidi ni namna mtoto anavyopokelewa nyumbani. Kijana aliyetapeliwa tayari anajua amepoteza hela ya mama yake. Akigombezwa mpaka akaogopa, siku nyingine akiombwa hela na mtapeli hatasema, ataitafuta mahali pengine. Akiulizwa kwa upole ilikuwaje, atajifunza kutambua dalili, na nyumba nzima itajifunza pamoja naye.

Yule mama wa Kizwite alirudi kutoka steshenari na nakala za cheti, na karatasi ndogo yenye majina ya tovuti mbili. Aliiweka mezani. "Haya, baba. Haya ni ya bure. Simu unaipata nikirudi sokoni mpaka saa tatu usiku. Na Jumamosi unanionyesha." Zile 30,000 hazikurudi, na hakuzitaja tena.

Jumamosi ya kwanza alionyeshwa ukurasa mweupe wenye jina la kijana na mistari mitatu. Hakuelewa kwa nini kijana alikuwa anatabasamu vile, lakini aliusoma wote. Jumamosi ya nne alionyeshwa ukurasa wenye kichwa cha habari kikubwa cha bluu: Viatu vya Mama. Chini yake kulikuwa na orodha ya bei. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa anasubiri zamu yake ya simu, alikuwa amechagua rangi.

Mama alivaa miwani, akasoma polepole kwa kidole.

"Raba za watoto siuzi elfu tano," alisema. "Ni elfu saba. Unataka kunifilisi?"

Kijana alichukua simu, akatafuta mstari ule katikati ya mabano, akafuta tano, akaandika saba, akamrudishia.

Mama alitazama tena. Bei ilikuwa imebadilika.

"Sasa ongeza na za shule," alisema. "Januari ndiyo watu wanazitafuta."